Pumzi ya Akiba: Mwili Wenye Mazoezi Unavyohimili Ugonjwa Mzito

Kila msiba wa mtu aliyekuwa na afya njema huzaa mjadala uleule. Chini ya turubai hapa Mwanza, iwe Igogo au Mabatini, lazima atokee mtu aseme: marehemu hakugusa pombe wala sigara, alfajiri alikuwa anakimbia mpaka Capri Point na kurudi, na bado kansa imemchukua, sasa hayo mazoezi yamemsaidia nini? Watu hutikisa vichwa, mazungumzo yakahamia kwenye Simba na Yanga, na hoja ikaonekana imefungwa.

Haijafungwa. Imechanganya maswali mawili. Je, mazoezi yanazuia ugonjwa? Na je, ugonjwa ukishaingia, mwili uliozoea shughuli unauhimili tofauti na mwili uliolegea? Jibu la swali la kwanza wengi wanalijua, walau nusunusu. La pili halizungumzwi sana, na ndilo linalomhusu mtu ambaye ameshakabidhiwa majibu mabaya.

La kwanza tulipitie upesi. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa siku nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi siku nzima. Ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi, na ulipowapata makondakta haukuwa mkali vilevile. Tangu hapo ushahidi umerundikana: anayeushughulisha mwili hupunguza uwezekano wa kupata presha, kisukari cha ukubwani, kiharusi na baadhi ya saratani, ikiwemo ya utumbo mpana na ya matiti. Kupunguza uwezekano si kuufuta. Kuna kurithi, kuna umri, kuna virusi, kuna mambo ambayo hakuna anayeyajua. Kumwambia mgonjwa "ungefanya mazoezi usingeumwa" ni ukatili, na wala si kweli.

Sasa la pili. Moyo, mapafu na misuli ya mtu aliyekaa kwenye benchi lake hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Pengo kati ya kile unachotumia ukiwa umetulia na kile unachoweza kutoa ukibanwa ndiyo akiba ya mwili. Anayevuka na mtumbwi wa injini kutoka Ukerewe siku ziwa limetulia anaweza kufika na petroli ya kubahatisha. Upepo ukigeuka katikati ya safari, dumu la ziada ndilo litakaloamua kama atafika. Dumu halizuii upepo. Ugonjwa mzito ndio huo upepo, na tiba yake mara nyingi huongeza mawimbi: upasuaji, kemo (dawa kali za kuua seli za kansa), mionzi, homa ya siku nyingi.

Akiba hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni pumzi, yaani uwezo wa moyo, mapafu na damu kufikisha oksijeni inakohitajika. Wataalamu huipima kwa kulinganisha na oksijeni unayotumia ukiwa umekaa. Kukaa ni kipimo kimoja. Kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila kusimama ni kama vinne. Ndiyo maana daktari wa usingizi, kabla ya operesheni kubwa, anaweza kukuuliza swali linaloonekana la kipuuzi: "Ukipanda mlima kwenda kwako unapumzika mara ngapi njiani?" Hapigi soga. Baada ya upasuaji mkubwa mahitaji ya oksijeni huweza kupanda hata kwa nusu nzima, na hukaa juu kwa siku kadhaa, usiku na mchana, wewe ukiwa umelala. Ambaye akiba yake iliisha kwenye ngazi, pale kitandani hana pa kuchota.

Mwaka 2002 yalichapishwa Marekani matokeo ya wanaume 6,213 waliopimwa pumzi kwenye mashine ya kukimbilia, wengine wazima, wengine tayari wana ugonjwa wa moyo. Katika makundi yote mawili, kila kipimo kimoja cha ziada kiliendana na nafuu ya kama asilimia 12 katika uwezekano wa kubaki hai, na uwezo huo ulitabiri maisha yao kuliko presha, sigara au kisukari. Tahadhari ni muhimu hapa: aliyeshindwa kukimbia huenda alishindwa kwa sababu ugonjwa ulishamla kimyakimya. Uchunguzi wa aina hii huonyesha vitu viwili vinakwenda pamoja, hauonyeshi kipi kimezaa kipi. Ushahidi wenye nguvu zaidi nitaufikia baadaye.

Sehemu ya pili ya akiba ni misuli, na hii hudharauliwa kabisa. Tumezoea kudhani misuli ni ya kubebea mizigo na kujionyesha. Ukweli ni kwamba misuli ndiyo ghala kuu la protini mwilini. Ukiumwa sana, chakula hakipandi, huku ini, kinga ya mwili na vidonda vinadai malighafi kila saa. Mwili hauna pengine pa kwenda. Huibomoa misuli, huivunja vipandevipande na kuvisafirisha kwenye mapambano. Katika uchunguzi wa London uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa mahututi walipoteza karibu asilimia 18 ya unene wa msuli wa paja ndani ya siku kumi. Siku kumi tu. Aliyeingia na paja la kutosha atatoka amekonda. Aliyeingia na paja jembamba anaweza asiweze kusimama tena, hata kama vipimo vyote vinasema amepona.

Na kitanda chenyewe ni sehemu ya tatizo, jambo ambalo familia zetu haziliamini kirahisi. Mwaka 1966 kule Dallas vijana watano wa miaka 20 walikubali kulazwa wiki tatu bila kunyanyuka. Hawakuwa na ugonjwa wowote. Walipoinuka, uwezo wao wa pumzi ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watafiti waliwatafuta tena wote watano, sasa ni watu wazima wenye vitambi, wakawapima. Wiki tatu za kitandani ziliwaharibu zaidi ya miaka 30 ya kuzeeka. Kisha wakapewa mazoezi ya miezi sita, na pumzi waliyopoteza kwa uzee ikarudi. Mimi matokeo haya huyataja kila ninapomsikia mtu akisema umri wake umeshapita.

Sasa njoo Nyakato au Buhongwa, kwenye nyumba yoyote yenye mgonjwa. Mzee ameletwa kutoka Sengerema, anakaa kwa binti yake akisubiri majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Kapewa chumba, kawekewa kitanda karibu na mlango. Akitaka maji, analetewa. Akitaka kuoga, ndoo inaingia ndani. Akijaribu kuinuka kwenda kuota jua, nyumba nzima inasimama: "Baba, tulia, utaanguka. Wewe sema tu unataka nini." Majirani wanaokuja kumjulia hali wanamsifu binti kwa kumtunza mzazi, na sifa hizo ni za haki. Ila wiki zinapita, majibu hayajatoka, na miguu iliyompandisha kwenye kivuko inayeyuka chini ya shuka. Siku ya upasuaji ikifika, mzee ni dhaifu kuliko siku aliyopokelewa, na kila mtu ataulaumu ugonjwa peke yake.

Muda huo wa kusubiri ni mali, na huko nje wameanza kuutumia. Katika jaribio moja lililofanyika Uholanzi na nchi nyingine, matokeo yake yakatoka mwaka 2023, wagonjwa 251 waliokuwa wakisubiri kufanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa wiki nne za mazoezi, chakula chenye protini, msaada wa kuacha sigara na wa kisaikolojia. Jingine likapata huduma ya kawaida. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 17 ya waliojiandaa, dhidi ya karibu 30 kwa wengine. Hakukuwa na dawa mpya humo. Ni kweli wao wana wasimamizi na vifaa ambavyo wilaya zetu nyingi hazina, lakini kiini cha jambo, yaani kutembea, kuinuka, kula vizuri, hakihitaji umeme.

Upande wa kemo kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Dozi za dawa nyingi hukadiriwa kwa urefu na uzito wa mtu. Mizani haijui kama kilo zako 70 ni misuli au mafuta. Watu wawili wenye uzito sawa wanaweza kupewa dozi ileile, na yule mwenye misuli kidogo ndiye huelekea kuumizwa zaidi na dawa. Damu inashuka, vidonda mdomoni, mzunguko unaofuata wa dawa unaahirishwa, dozi inapunguzwa. Anayekosa dozi zake anakosa tiba. Kwa hiyo kulinda misuli ni njia mojawapo ya kuifanya dawa ifanye kazi iliyokusudiwa. Kisha kuna ule uchovu wa kemo, ambao si kama uchovu wa shamba kwa sababu kulala hakuuondoi. Kinyume na tunavyodhani, kati ya vitu vilivyothibitishwa kuupunguza, kutembea na mazoezi mepesi ya nguvu viko mbele kabisa. Anayejisikia amechoka anaambiwa atembee, najua inavyosikika.

Ushahidi mzito nilioahidi ulitoka mwaka 2025. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Canada na Australia, waliomaliza upasuaji na kemo, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa kitabu cha ushauri wa afya, nusu wakapewa mpango wa mazoezi wa miaka mitatu wenye msimamizi. Baada ya miaka mitano, asilimia 80 ya kundi la mazoezi walikuwa hai bila saratani kurudi, dhidi ya 74 kwa wenzao. Kufikia miaka minane, waliobaki hai walikuwa asilimia 90 dhidi ya 83. Kwa mtu wa takwimu hizo ni tofauti za kuheshimika. Zipo dawa za bei mbaya zinazotoa pungufu ya hapo. Na wengi wao hawakufanya maajabu, walitembea kwa kasi. Ila msomaji aelewe mipaka yake: hawa ni watu ambao kansa yao ilikuwa imekatwa, na afya yao iliruhusu mazoezi tangu mwanzo. Matokeo hayasemi kwamba mtu aache kemo akaanze kukimbia. Anayeuza maneno hayo, awe wa jimu au wa mitishamba, akimbiwe yeye.

Magonjwa mengine nitayagusa tu. Kwa mwenye kisukari, misuli inayofanya kazi hunyonya sukari kutoka kwenye damu, na mlango huo hubaki wazi hata siku moja au mbili baada ya mazoezi; anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari ajue hilo, asije akaishiwa nguvu njiani. Kwa mwenye presha, mazoezi ya mara kwa mara huteremsha namba kadhaa. Aliyepona kifua kikuu lakini akabaki na mapafu yenye makovu hawezi kurudishiwa mapafu yaliyokufa, ila miguu yenye nguvu hudai oksijeni kidogo kwa kazi ileile, naye hahemi kama zamani. Mwenye selimundu (siko seli), ugonjwa wa damu wa kurithi uliojaa Kanda ya Ziwa, anahitaji mazoezi ya polepole yenye maji mengi na mapumziko, na ruhusa ya daktari wake.

Hapa Mwanza kuna pingamizi ambalo mtu wa London halisikii. Utaambiwa: sisi shughuli tunayo tele, mazoezi ni ya wenye magari. Mchukuzi wa Mwaloni Kirumba anayebeba magunia ya dagaa kuanzia alfajiri, mama anayepandisha ndoo ya maji kwenye majabali mpaka nyumba ya juu kabisa, mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha, huyu umwambie nini kuhusu mazoezi?

Pingamizi ni la haki, na jibu lake lina pande mbili. Upande mmoja, ni kweli: mama wa majabalini ana pumzi ambayo karani wa ofisini haioti, na pumzi hiyo itamsaidia siku akilazwa. Upande wa pili, kubeba mizigo mizito saa kumi kwa siku si sawa na mazoezi. Mazoezi huupa mwili mzigo wa kiasi, kisha mapumziko na chakula, na katika mapumziko hayo ndimo moyo na misuli hujijenga. Mchukuzi hapati mapumziko. Presha yake hubaki juu kwa saa nyingi, mgongo na magoti vinasagika, na mara nyingi anashindia chapati na soda. Huko Denmark walifuatilia watu zaidi ya 100,000 wakaona waliojishughulisha wakati wa mapumziko waliishi zaidi, ilhali waliofanya kazi nzito za mwili hawakupata faida hiyo. Walikuwa kwenye hatari zaidi. Wanasayansi bado wanabishana kiasi gani cha hilo ni umaskini na kiasi gani ni kazi yenyewe. Maoni yangu ni kwamba mchukuzi hahitaji kuongezewa kukimbia, anahitaji usingizi, mayai na siku ya kupumzika. Anayehitaji kukimbia ni mwenye bodaboda anayekaa juu ya pikipiki tangu asubuhi, mwenye duka, dereva wa daladala wa Igoma, na sisi wa kompyuta.

Kwa aliyekwisha kuugua, mazoezi hayafanani na yale ya wenye fulana za marathoni. Niliwahi kumtazama mtaalamu wa fiziotherapia akifanya kazi na mzee aliyetolewa uvimbe tumboni. "Shikamoo mzee wangu, leo tunafika dirishani." Mzee akasema hana nguvu. Fizio hakubishana, alimwomba aketi tu pembeni mwa kitanda, miguu ishike sakafu. Akamwachia dakika mbili, macho yake yako kwenye midomo na vidole vya mgonjwa. Kisha: akumbatie mto tumboni, akohoe mara mbili. Kisha asimame, mikono ya fizio ikiwa kiunoni, si kwapani. Hatua sita mpaka dirishani, hatua sita kurudi. Mzee alikuwa anatoka jasho kama aliyelima. Jioni walirudia, na kesho yake wakafika mlangoni.

Nyumbani hesabu ni rahisi vilevile. Egemeza kiti cha plastiki ukutani, mgonjwa aketi na kusimama bila kutumia mikono mara tano, apumzike, arudie, mara chache kwa siku. Kutembea uani kabla jua halijawa kali, leo kidogo, wiki ijayo kidogo zaidi. Kipimo cha kasi ni mdomo: akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, hapo ndipo, akishindwa kumaliza sentensi, amepitiliza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili, hata kwa wenye magonjwa sugu, lakini linasema pia kwamba chochote ni bora kuliko sifuri. Mgonjwa aanze na dakika tano. Kuogelea nako ni kuzuri sana kwa viungo, ila si ziwani. Kwenye fukwe zetu kichocho kinamngojea.

Zipo siku za kuacha: homa, maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuharisha au kutapika sana, mguu mmoja kuvimba ghafla. Aliyeambiwa damu yake iko chini sana, au kansa imeingia kwenye mifupa, asianze chochote kabla ya kuuliza, kwa sababu mfupa ulioliwa huvunjika kwa kuinama tu.

Na chakula. Misuli haijengwi kwa uji mtupu, na uji mtupu ndio tunaowapa wagonjwa. Hapa ziwani hatuna sababu: dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wasage, uwachanganye kwenye uji wa ulezi. Asiyependa harufu apewe yai, maziwa mgando, supu ya sato na nyama yake, karanga, maharage. Mwenye ugonjwa wa figo ni tofauti. Yeye kiasi cha protini apangiwe kliniki.

Ipo hatua ambapo ugonjwa umeshinda na mazoezi hayaongezi siku. Mwili uliokondeshwa na kansa iliyosambaa haujengwi upya kwa kutembea wala kwa dagaa, na kumlazimisha mgonjwa ale au ainuke ni kumtesa. Hata hapo kuna kazi ndogo iliyobaki: kugeuzwa kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia, kunyooshwa viungo visigande, na kama bado anaweza, kushikwa mkono aende chooni mwenyewe. Wagonjwa wengi, ukiwauliza wanataka nini, hilo la chooni hulitaja kabla ya mengine yote.